Sir Robert Jones (1857–1933): Tabibu wa Mifupa na Rafiki wa Watoto Walemavu

Kitabu cha Pili cha Samweli kinazo habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na umri wa miaka mitano siku ile habari za kufa kwa baba yake na babu yake zilipofika. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa mlemavu wa miguu yote miwili. Miaka ikapita, naye akikaa Lodebari katika nyumba ya mtu mwingine, mbali na macho ya watu, hata Mfalme Daudi alipoagiza aletwe Yerusalemu. Maandiko hayasemi kwamba miguu yake iliponywa. Yasema kwamba alitafutwa, akaletwa, akapewa nafasi mezani pa mfalme siku zote.

Usharika unapotimiza miaka 100 na kutazama nyuma katika huduma zake za uponyaji na diakonia, yafaa kumkumbuka mtu mmoja aliyetumia maisha yake kuwatafuta watoto wa namna ya Mefiboshethi. Hakuwa mchungaji wala mmisionari. Alikuwa daktari mpasuaji katika mji wa bandari wa Liverpool, Uingereza. Hata hivyo, kazi yake haiko mbali na hospitali za Kanisa katika Afrika Mashariki. Wauguzi wengi wanalifahamu gango refu la chuma, lenye pete inayozunguka paja karibu na nyonga, litumikalo kwa mgonjwa aliyevunjika mfupa wa paja, nao huliita kwa jina la Thomas. Thomas huyo ndiye aliyemlea daktari anayesimuliwa hapa.

Asili na Malezi

Simulizi la ukoo wa Thomas lasema kwamba katikati ya karne ya 18 mtoto wa kiume aliokolewa katika ajali ya meli kwenye pwani ya kisiwa cha Anglesey, nchini Wales. Hakujua Kiwelisi wala Kiingereza, na jamaa zake hawakujulikana. Wenyeji wakamlea, wakamwita Evan Thomas. Alipokua alionekana kuwa na kipawa cha kuunga mifupa, kwanza ya wanyama na kisha ya watu, na kipawa hicho kikapita kwa watoto na wajukuu wake. Waunga mifupa wa namna hiyo wanajulikana pia katika vijiji vya Afrika Mashariki, na watu huwaendea hata leo.

Mmoja wa wazao hao, naye akiitwa Evan Thomas, alihamia Liverpool. Wagonjwa walimjia kwa wingi, lakini madaktari wenye vyeti walimchukia na kumshitaki mahakamani mara kadhaa. Kwa sababu hiyo aliamua kwamba wanawe wote watano wasomee udaktari. Mkubwa kati yao alikuwa Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834. Huyu alifungua nyumba ya matibabu katika mtaa wa Nelson, namba 11, katikati ya makazi ya mabaharia na wafanyakazi wa bandarini. Ndani ya nyumba hiyo aliweka karakana yenye mhunzi na fundi wa ngozi, wakitengeneza magango kwa kipimo cha kila mgonjwa. Siku za Jumapili aliwatibu maskini bila malipo.

Robert Jones alizaliwa tarehe 28 Juni 1857 katika mji wa Rhyl, kaskazini mwa Wales, akakulia London. Baba yake alikuwa ameacha udaktari ili aishi kwa kuandika, na nyumbani fedha haikuwa nyingi. Mwaka 1873, Robert alipokuwa na miaka 16, shangazi yake Elizabeth, mke wa Hugh Owen Thomas, alimpokea Liverpool. Elizabeth na mumewe hawakujaliwa mtoto, wakamfanya Robert kuwa mwana wao. Akasoma katika chuo cha tiba cha mji huo, akafuzu mwaka 1878. Lakini shule yake kubwa ilikuwa ile nyumba ya mtaa wa Nelson. Alfajiri alifuatana na Thomas kuwazuru wagonjwa majumbani mwao, na mchana alimsaidia kufunga magango.

Thomas alimfundisha kwamba kiungo kilichougua kinahitaji pumziko kamili, lisilokatizwa, na la muda wa kutosha. Wakati ule madaktari wengi walikuwa wepesi kukata mguu wa mtoto aliyeugua kifua kikuu cha goti au cha nyonga. Thomas alifunga gango, akangoja miezi, hata miaka, na miguu mingi iliyokuwa imehesabiwa kuwa ya kukatwa ikapona.

Hata hivyo Thomas alikuwa mkali wa maneno. Aligombana na madaktari wenzake, wala hakupata kushika nafasi katika hospitali yo yote, na elimu yake ikabaki kwa muda mrefu ndani ya kuta za nyumba yake. Robert Jones aliliona jambo hilo akiwa kijana. Akayashika mafundisho ya mlezi wake kwa uaminifu, lakini alichagua kuyapeleka kwa watu kwa upole, akiwaalika madaktari waje waone kwa macho yao.

Kazi Katika Mfereji wa Manchester

Mwaka 1888 Jones aliteuliwa kuwa mpasuaji mkuu katika ujenzi wa mfereji wa meli wa Manchester, wenye urefu wa kilomita 58 hivi. Wafanyakazi walikuwa zaidi ya 10,000, na ajali zilitokea kila siku. Daktari kijana wa miaka 31 aliugawa mstari wote wa kazi katika sehemu tatu, akaweka hospitali katika kila sehemu na vituo vidogo vya huduma ya kwanza kati yake, kisha akawafundisha madaktari na wauguzi wake namna moja ya kutibu mifupa iliyovunjika. Hapo alijifunza kwamba daktari mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuwafikia watu wengi bila utaratibu unaowasogelea mahali walipo.

Thomas alifariki Januari 1891, naye Jones akairithi nyumba ya mtaa wa Nelson pamoja na wagonjwa wa bure wa siku ya Jumapili. Hakuiacha kazi ile. Aidha, alikuwa tayari kupokea elimu mpya. Mwanzoni mwa mwaka 1896, majuma machache tu baada ya Profesa Röntgen wa Ujerumani kutangaza ugunduzi wa eksirei, Jones alishirikiana na mwanasayansi Oliver Lodge kuitafuta kwa mionzi hiyo risasi iliyokuwa mkononi mwa mvulana mmoja. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kabisa kwa eksirei kutumika kumtibu mgonjwa nchini Uingereza.

Hali ya Watoto Walemavu

Katika miji ya viwanda ya nyakati hizo ulemavu wa watoto ulikuwa jambo la kawaida. Kifua kikuu kiliingia katika mifupa na viungo, mara nyingi kwa njia ya maziwa yasiyochemshwa ya ng'ombe wagonjwa, kikaacha vibiongo na nyonga zilizokauka. Matege yaliwapata watoto waliokosa chakula kizuri na mwanga wa jua katika vichochoro vyenye moshi. Polio ilipoozesha miguu. Wengine walizaliwa na miguu kifundo.

Hospitali za kawaida hazikuwataka watoto hao, kwa kuwa walihitaji kulala kitandani muda mrefu mno. Waliotibiwa kwa haraka walirudishwa katika vyumba vile vile vyenye giza, na baada ya miezi michache ulemavu ulirudi. Wengi walifichwa nyumbani. Wazazi waliona aibu, majirani walinong'ona, na mtoto hakupelekwa shule wala kanisani.

Jones aliona kwamba kisu cha daktari peke yake kisingetosha. Kabla ya wengi kuamini, alisema kwamba mtoto mwenye kifua kikuu cha mifupa ahitaji hewa safi, jua na chakula bora, tena kwa muda mrefu. Kwa hiyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha hospitali ya watoto nje ya mji, huko Heswall, ambako watoto wa Liverpool waliweza kulala mahali palipo wazi.

Agnes Hunt na Watoto wa Baschurch

Mwaka 1900, katika kijiji cha Baschurch, wilaya ya Shropshire, muuguzi aitwaye Agnes Hunt alifungua nyumba ndogo kwa ajili ya watoto walemavu. Yeye mwenyewe aliugua nyonga tangu utotoni na alitembea kwa magongo. Nyumba ile ilikuwa na ngazi nyingi, na ilikuwa vigumu kuwapandisha watoto wasioweza kutembea. Basi vitanda vyao vikawekwa nje, katika mabanda yaliyo wazi upande mmoja, na watoto wakalala humo majira yote ya mwaka. Jambo lililoanza kwa sababu ya shida likaonekana kuwa dawa. Watoto wakanenepa, nyuso zao zikachangamka.

Mwaka 1903 Agnes Hunt alimwendea Jones kwa ajili ya maradhi yake mwenyewe. Tangu hapo akawa akiwaleta watoto wake Liverpool kwa garimoshi, wengine wakilazwa katika kigari cha kusukuma, safari ya kuchosha na yenye maumivu kwa mtoto mwenye gango. Jones alipoona hayo, aliamua kwamba haifai wagonjwa wateseke hivyo ili wamfikie daktari. Tangu mwaka 1904 alikuwa daktari mpasuaji wa Baschurch, akienda mwenyewe siku za Jumapili, siku aliyokuwa na haki ya kupumzika. Hatimaye chumba cha upasuaji kilijengwa huko huko.

Yafaa kuzingatia kwamba Jones, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa, alikubali kufundishwa na muuguzi. Agnes Hunt alimfahamisha jambo ambalo daktari wa mjini asingeliona kwa urahisi: kwamba watoto waliotoka Baschurch wakiwa wamenyooka walirudi baada ya muda wakiwa wamepinda tena. Gango lilikuwa limelegea, au kiatu kimekuwa kidogo, au mama hakuonyeshwa namna ya kulifunga. Ndipo zikaanzishwa kliniki za ufuatiliaji katika miji midogo yenye masoko, ili mzazi ajapo mjini kununua mahitaji yake apate pia kumleta mtoto atazamwe. Wauguzi walizisimamia, na watu wa kujitolea wa mahali pale walisaidia.

Namna Yake ya Kutoa Huduma

Kutokana na kazi hizo yaonekana mambo manne yaliyomwongoza Robert Jones.

La kwanza ni kuwahi. Alifundisha kwamba ulemavu ushughulikiwe mapema, wakati mifupa ya mtoto ingali laini, na kwamba kuuzuia ni bora kuliko kuunyoosha baadaye.

La pili ni upole na uvumilivu. Alijulikana kwa wepesi wa mikono katika chumba cha upasuaji, lakini hakuharakisha kupasua. Alichunguza kwanza kwa macho na vidole, akatumia gango na pumziko pale vilipotosha.

La tatu ni kumtazama mtoto mzima. Mguu ulionyooka haukuwa na faida kubwa iwapo mtoto alikua bila kusoma, bila kucheza na bila kazi ya mikono. Katika kazi aliyoifanya pamoja na Agnes Hunt, masomo na ufundi vilipata nafasi karibu na kitanda cha mgonjwa, na mwaka 1927 Agnes Hunt alianzisha chuo cha ufundi kwa vijana walemavu.

La nne ni kumfuata mtoto hadi nyumbani. Hili ndilo lililomtofautisha na wapasuaji wengi wa wakati wake. Kwake tiba haikwisha siku jeraha lilipofungwa wala siku mtoto aliporuhusiwa kutoka, bali iliendelea mpaka mtoto aonekane akitembea nyumbani kwao.

Wakati wa Vita Kuu

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, gango la Thomas lilikuwa na umri wa miaka karibu 40, lakini jeshi halikulitumia ipasavyo. Askari waliopigwa risasi ya paja walibebwa mifupa ikigongana, wakatokwa damu nyingi, na wengi sana wakafa. Jones alisisitiza gango hilo litumike kuanzia mstari wa mbele. Wachukuzi wa majeruhi walizoezwa kulifunga wakiwa wamefunikwa macho, ili waweze kulifunga hata gizani. Hesabu zilizotolewa nyakati zile zilionyesha kwamba vifo vya majeruhi hao vilishuka kutoka karibu 80 katika kila 100 hadi karibu 20, ijapokuwa mabadiliko mengine ya tiba nayo yalichangia.

Mwaka 1915 alianza na vitanda 250 huko Alder Hey, Liverpool, na kabla ya vita kwisha alisimamia hospitali nyingi za mifupa katika nchi nzima. Humo askari walifundishwa kazi za mikono, na baadhi yao walitengeneza magango yaliyowafaa wenzao. Mwaka 1917 alipewa heshima ya kuitwa Sir.

Mpango wa Mwaka 1919

Vita ilipokwisha Jones hakusahau mahali alipoanzia. Mwaka 1919, pamoja na daktari Gathorne Girdlestone wa Oxford, alitoa mpango wa kuwahudumia watoto walemavu wa nchi yote. Kila jimbo lingekuwa na hospitali kuu ya mifupa yenye hewa safi, na kuizunguka, katika miji na vijiji, kliniki ndogo za kuwagundua watoto mapema na kuwafuatilia baada ya tiba. Ulikuwa ule utaratibu wa mfereji wa Manchester na ule wa Baschurch ukiunganishwa. Katika miaka iliyofuata mpango huo ulienea sehemu nyingi za Uingereza. Mwaka 1921 hospitali ya Baschurch ilihamia Oswestry, nayo hadi leo ina majina ya Robert Jones na Agnes Hunt.

Upungufu wa Nyakati Zake

Si haki kusimulia maisha ya mtu kana kwamba hakuwa na upungufu. Katika hospitali nyingi za aina hiyo watoto walikaa miezi mingi, hata miaka, na wazazi waliruhusiwa kuwaona mara chache tu. Madaktari wa siku zile walidhani kwamba kutembelewa mara kwa mara humsumbua mtoto. Wengi walipona miguu lakini walibaki na huzuni ya kutengwa na mama zao, na leo hospitali za watoto humtaka mzazi awe karibu. Kliniki za vijijini ndizo zilizopunguza madhara hayo kwa sehemu, kwa kuwa zilimrudisha mtoto nyumbani mapema zaidi.

Mwisho wa Safari na Fundisho kwa Usharika

Sir Robert Jones alifariki tarehe 14 Januari 1933 huko Wales, akiwa na umri wa miaka 75. Majivu yake yaliwekwa katika Kanisa Kuu la Liverpool, mji ambao aliuhudumia kwa takriban miaka 60.

Tangu wakati wake tiba imebadilika sana. Dawa za kifua kikuu na chanjo ya polio zimewaepusha watoto wengi na ulemavu. Mtoto azaliwaye na mguu kifundo sasa hutibiwa kwa njia iliyoendelezwa na daktari Ignacio Ponseti huko Marekani: mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta juma baada ya juma, mara nyingi ukano wa kisigino hukatwa kidogo, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo, baadaye wakati wa kulala tu, mpaka afikie umri wa miaka minne hivi. Tiba hiyo yapatikana Tanzania pia. Lakini kila muuguzi aifanyaye kazi hii ajua kwamba mguu hurudi kupinda pale viatu vinapoachwa: kwa sababu nauli imekosekana, au baba amekata tamaa, au bibi ameambiwa kwamba mtoto amerogwa. Hapo ndipo neno la Agnes Hunt kwa Robert Jones linabaki kuwa la kweli.

Hospitali inaweza kumfunga mtoto plasta. Haiwezi kufika kila juma katika kila nyumba ya kila mtaa. Mzee wa Kanisa anaweza, na mwinjilisti anaweza, na kikundi cha akina mama kinaweza. Wao wanajua ni nyumba ipi ina mtoto asiyeletwa ubatizoni kwa sababu ya miguu yake, na ni mama yupi ameacha kwenda kliniki kwa kukosa nauli. Watu wanne wa Kapernaumu walimbeba mwenye kupooza hadi penye dari na kumshusha mbele ya Yesu. Injili haitaji majina yao wala haisemi kwamba walikuwa waganga. Walijua tu nyumba alimolala mwenzao.

Usharika uingiapo karne yake ya pili, wapo watoto ambao bado wako Lodebari. Mungu na awape watumishi wake macho ya kuwaona, na miguu ya kuwaendea mahali walipo.